Kando ya Mto Sil: Safari ya Kuionja Mencía

Mtu atajaye divai nyekundu ya Hispania aghalabu huwa na Rioja moyoni mwake, au nchi za mto Duero, ambako zabibu iitwayo Tempranillo imetawala tangu zamani na sifa zake zimevuka bahari hadi kwenye rafu za maduka ya miji yetu mikubwa. Mimi nilifunga safari kwa ajili ya zabibu nyingine, ambayo hata Wahispania wengi wa kusini hawana habari nayo, nayo ni Mencía, ambayo maskani yake ni pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi ile, katika bonde la Bierzo na katika magenge ya Galicia yaliyo chini yake. Nilipostaafu ualimu nilikitia kiinua mgongo changu katika shamba dogo la mizabibu huko Hombolo, karibu na Dodoma, na kila nilipouliza kwa nini divai ya kwetu haitajwi mbele za watu, nilijibiwa kwamba zabibu yetu, Makutupora, ni zabibu duni. Basi niliposikia kwamba Mencía nayo iliitwa duni kwa miaka mingi, kisha katika muda mfupi ikapata jaha, nilitamani kwenda kuona kwa macho na kuonja kwa ulimi ni kitu gani hasa kilichogeuka.

Najua kwamba miongoni mwa watakaosoma habari hii wamo ambao dini yao imewaharimishia kinywaji hiki, na kwao nasema kwamba katika safari nilifuatana na mwenzao: kijana wa Unguja, mwanafunzi wa chuo kikuu katika mji wa León, aliyekubali kuwa mkalimani wangu kwa sharti moja tu, yaani asionje. Sharti lake nililiheshimu, na faida yake ilinirudia mara nyingi, kwa kuwa kijana yule alilelewa katika duka la viungo la babu yake huko Darajani, akajaliwa pua ambayo mfano wake sijauona. Huinusa bilauri mara moja, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo, akazitaja riha zilizomo moja baada ya moja, ilhali mimi mnywaji ningali nikitafuta neno.

Treni itokayo León hupita Astorga, kisha hupanda milima ambayo mahujaji waendao Santiago de Compostela wamekuwa wakiivuka kwa miguu tangu karne za kati, halafu huteremka kwa kujizungusha mpaka Ponferrada, mji mkuu wa Bierzo. Bonde lenyewe limekaa kama sinia lenye ukingo mrefu: katikati ni tambarare yenye rutuba ipitwayo na mto Sil, na pembeni vilima hupanda taratibu hadi kwenye milima iliyolizunguka pande zote. Upepo wa bahari ya Atlantiki hufika huko ukiwa umekwisha kumwaga sehemu kubwa ya mvua yake Galicia, ukaliachia bonde unyevu wa kadiri, na jua la kiangazi, ambalo ni jua la bara, hukamilisha kazi iliyobaki. Mizabibu ya kule hupukutisha majani yote wakati wa baridi ikalala, wala haiamki mpaka machipuo ya Aprili, ikavunwa mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa Septemba. Kwa mkulima wa Dodoma, ambaye mizabibu yake haijui baridi na humpa mavuno mawili kwa mwaka, usingizi ule mrefu ni jambo la kutafakari, kwa maana kule mtu akiharibu mavuno yake hana budi kungoja mwaka mzima.

Mgeni afikaye Ponferrada huonyeshwa kwanza ngome ya wapiganaji wa Hekalu, nayo ni ngome ya kutazamwa. Walakini mimi nilivutwa zaidi na habari za makaa ya mawe. Kampuni kubwa ya madini ya mji ule iliasisiwa mwaka 1918, na mwaka uliofuata ikafunguliwa reli ya kuleta makaa kutoka milima ya Villablino, na tangu hapo vijana wa bonde wakawa na khiyari mbili, jembe au shimo la mgodi, na wengi wakachagua shimo kwa kuwa shimo lilikuwa na mshahara wa kila mwezi. Divai ya bonde ikawa kinywaji cha wachimbaji, yenye kutengenezwa kwa wingi na kunyweka kwa haraka, na hakuna aliyeidai zaidi ya hayo. Migodi ya makaa ya Hispania ilifungwa karibu yote mwishoni mwa mwaka 2018, na mji ule ukaachwa utafute riziki nyingine.

Kabla ya kuonja chochote, kijana alinichukua Las Médulas, akisema kwamba asiyepaona pale hawezi kuifahamu Bierzo. Hapo ndipo Warumi, katika karne za mwanzo baada ya Masihi, walipoubomoa mlima mzima kwa ajili ya dhahabu: walichimba mahandaki ndani ya mlima, wakayaleta maji kwa mifereji ya masafa marefu kutoka milima ya juu, wakayafungulia kwa mkupuo, na nguvu ya maji ikaupasua mlima kwa kishindo, tope likatiririka chini likaoshwa, dhahabu ikaokotwa. Plinio Mzee, mwanachuoni wa Kirumi aliyepata kushika uongozi Hispania, ameieleza kazi hiyo kwa mshangao. Yaliyobaki ni magenge mekundu yaliyochongoka, misitu ya miti ya chestnut iliyoota juu ya vifusi, na ziwa la Carucedo, ambalo lilizaliwa pale takataka za machimbo zilipoziba njia ya maji. Na tangu mwaka 1997 UNESCO imeuandika uharibifu ule katika orodha ya urithi wa dunia. Nilisimama juu ya genge nikafikiri kwamba nchi ile imepata kuchumwa mara mbili na watu wenye haraka, kwanza dhahabu kisha makaa, na mara zote mbili mali ikaenda zake, na shimo ndilo lililobaki kwa wenyeji.

Tuliionja Mencía kwa mara ya kwanza Cacabelos, mji mdogo ulio katika njia ya mahujaji, katika ghala la mzee mmoja aliyekwisha kupita umri wa miaka themanini, ambaye mashamba yake yako kwenye udongo mzito wa tambarare. Alitumiminia divai changa ya mavuno ya mwaka uliopita, isiyopata kukaa ndani ya pipa la mwaloni, katika bilauri nene za kawaida ya nyumbani. Rangi yake ilikuwa ya zambarau iliyoiva, na pembeni, pale divai inapokuwa nyembamba, ilionyesha urujuani mwangavu. Kijana alinusa, akasema, "Mwalimu, hapa pana cheri nyekundu na forsadi, na kwa mbali pana jani bichi lililofikichwa." Mdomoni ilikuwa nyepesi, yenye uchachu wa kuchangamsha na ukakasi kidogo sana, na ikaisha upesi. Mzee akacheka aliponiona nimeishikilia mdomoni muda mrefu, akasema neno, na kijana akanifasiria: "Mzee anasema, Mwalimu, hii ni divai ya kuondoa kiu, usiitafutie makuu." Nami nilimjibu kwa staha kwamba nimekunywa divai ghali zisizoweza hata hilo.

Jioni ile mzee alitusimulia mengi, na mengine niliyapata baadaye vitabuni. Mizabibu ya Bierzo ilikuwapo tangu zama za Warumi, na katika karne za kati ilienezwa na watawa, hasa wale wa Carracedo, ambao monasteri yao iliasisiwa mwishoni mwa karne ya 10 na magofu yake yangalipo karibu na Cacabelos. Na mahujaji waliokuwa wakishuka milimani kwa uchovu walikuwa wanunuzi wasiokwisha. Kisha, mwishoni mwa karne ya 19, alikuja filoksera, mdudu mdogo aliyetoka Amerika ambaye hula mizizi, akaiteketeza mizabibu ya Ulaya nchi baada ya nchi, na Bierzo haikusalimika. Dawa iliyopatikana ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya mizabibu ya Kiamerika, ambayo mdudu yule haidhuru; lakini wakulima wengi walikwisha kufilisika na kuhama, na waliobaki walitaka kwanza wingi. Kwa hiyo wakapanda tambarare, wakauza zabibu zao kwa vyama vya ushirika, na divai ikaenda kwa mapipa na matangi, bila jina, kunyweka Galicia na migodini.

Hata watu wa elimu, walipoiona Mencía ina chembe ya ubora, waliitafutia ukoo wa heshima wakadai kwamba ni ndugu ya Cabernet Franc ya Ufaransa. Vipimo vya nasaba vya siku hizi vimelikanusha dai hilo: Mencía ni zabibu ile ile iitwayo Jaen katika nchi ya Dão huko Ureno, na wazazi wake ni zabibu mbili za Kireno, Alfrocheiro na Patorra, ambazo nje ya Ureno hazijulikani sana. Basi kwa nasaba haina la kujivunia mbele ya wakubwa, wala mizani ya sheria haikuinyanyua peke yake, kwa kuwa Bierzo ilipewa hadhi ya nchi ya divai yenye jina lilindwalo na sheria mwaka 1989, na miaka kumi ikapita bila dunia kugeuka kuitazama.

Aliyeigeuza dunia shingo alikuwa Álvaro Palacios, mtu wa jamaa ya watengeneza divai wa Rioja, ambaye alikwisha kupata jina kwa divai zake za Priorat, upande wa pili wa Hispania. Yeye na mpwa wake, Ricardo Pérez Palacios, walianza kazi Bierzo mwaka 1999, na badala ya kununua tambarare walipanda hadi Corullón, kijiji kilicho juu ya mji wa Villafranca, wakanunua vipande vidogo vidogo vya miteremko mikali vyenye mizabibu mikongwe, wakavilima kwa farasi na nyumbu. Walichokiona huko wenyeji walikuwa wakikiona kila siku. Yuko pia Raúl Pérez, mzaliwa wa Valtuille, kijiji jirani, ambaye ni mtoto wa mashamba hayo hayo, na divai zake zimeonyesha kwamba mwenyeji naye, akiitazama upya nchi yake, hana haja ya kungoja mgeni amfundishe.

Tulipanda Corullón kwa miguu asubuhi. Njia hupita kati ya miti ya chestnut na micheri, kisha udongo hubadilika chini ya viatu, ukaanza kulia: ni jiwe la sleti, lile lile ambalo watoto wa shule wa zamani waliandikia, limepasuka mabamba mabamba na kutapakaa kote. Mizabibu imesimama peke yake bila nyaya wala nguzo, shina fupi nene lililojipinda, nayo mingine imepita miaka mia moja. Mkulima wetu wa siku ile, mwanamume wa makamo mwenye maneno machache, alitueleza kwamba jiwe lile hupata joto mchana na kulirudisha usiku, na kwamba halishiki maji, hata mzizi hulazimika kushuka chini kuyatafuta katika nyufa. Kila mzabibu huzaa vichala vichache tu vyenye tembe ndogo, na kwa kuwa rangi, harufu na ukakasi wa divai hutoka hasa katika ngozi, tembe ndogo yenye ngozi nyingi kuliko maji hutoa divai nzito zaidi. Fauka ya hayo, Mencía ni zabibu iivayo mapema, na katika joto la tambarare uchachu wake hupotea upesi ikichelewa kuchumwa. Lakini kwenye miteremko ya juu, ambako usiku ni wa baridi, huiva polepole na uchachu wake ukabaki.

Katika ghala lake dogo alituwekea bilauri nyembamba, akatujazia theluthi tu. Nikaiinamisha bilauri juu ya kitambaa cheupe: rangi ilikuwa nzito zaidi ya ile ya Cacabelos, na pembeni urujuani ulikwisha kuanza kugeuka wekundu, alama ya umri wa miaka kadhaa. Kijana aliinusa kwanza ikiwa imetulia, kisha akaomba niitikise, akainusa tena, akakaa kimya kwa muda uliomtia mkulima wasiwasi. "Maua yametangulia," akasema hatimaye, "ua la urujuani lenyewe, halafu komamanga, halafu pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi, na chini kabisa pana kitu kisichokuwa tunda, ni harufu ya jiwe lililopigwa na mvua ya kwanza." Mkulima alipofasiriwa maneno hayo aliinua nyusi, akauliza bwana huyu amefanya kazi ghala gani, na alipoambiwa kwamba hajapata kuonja divai tangu azaliwe, alimpa mkono kwa taadhima kubwa.

Nikaonja. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba uchachu ulikuwa ule ule wa divai ya mzee wa Cacabelos, nao ndio uti wa mgongo wa zabibu hii popote ilipo. Lakini safari hii ulibeba mzigo. Ukakasi uliushika ufizi bila kuukwaruza, tunda likaja nyuma yake kwa wasaa, na nilipokwisha kumeza ladha iliendelea kubadilika mdomoni, kutoka tunda hadi kiungo, kutoka kiungo hadi uchungu mtamu wa kokwa. Divai za jua kali hushinda kwa nguvu, zikamjaza mtu kichwa kabla hajajua amekunywa nini. Hii ilikuwa na mwili wa kadiri na wingi wa mambo ndani yake.

Hapo nilipata jibu la swali langu, nalo lilikuwa gumu kidogo kulikubali. Zabibu ilikuwa ile ile. Miteremko ile inayosifiwa leo ilikuwa fedheha ya wenye kuimiliki, mashamba ya maskini yaliyogawanywa na mirathi kizazi baada ya kizazi hata yakawa vipande ambavyo trekta haiwezi kugeuka ndani yake. Na wakati Ulaya ilipokuwa ikiwalipa wakulima fedha wang'oe mizabibu yao mikongwe, wazee wengi wa juu hawakuing'oa, wengine kwa mapenzi, wengine kwa sababu watoto walikwisha kwenda mijini na nguvu ya kung'oa haikuwapo. Umaskini na ukaidi viliitunza hazina ambayo akili ya biashara ingekwisha kuitupa. Mimi kwangu nilikwisha kupanga kuing'oa mizabibu yangu ya zamani nipande mbegu ya Kifaransa. Mpango huo niliuacha pale pale ghalani.

Usiku tulikula Villafranca, mji ambao kanisa lake la Santiago lina mlango uitwao mlango wa msamaha, ambapo zamani hujaji mgonjwa asiyeweza kuendelea alipewa thawabu kana kwamba amekwisha kufika. Chakula cha fahari cha Bierzo ni botillo, utumbo wa nguruwe uliojazwa mbavu na mkia, ukatiwa pilipili nyekundu, ukafukizwa moshi, kisha ukachemshwa na kabichi na viazi. Kijana alikitazama kwa mbali akaagiza samaki wa mtoni na pilipili hoho za kuchoma, ambazo nchi ile ni mashuhuri kwazo, nami nililinganisha. Mafuta ya botillo huituliza divai ukakasi wake wote, nayo divai huukata ule uzito. Lakini pilipili za kuchoma, pamoja na utamu na moshi wake, ndizo zilizonifanya niwaze nyama ya mbuzi ya kuchoma na kachumbari, na sina shaka kwamba Mencía changa, iliyopozwa kidogo hadi nyuzi 15 hivi, ingekaa vyema mezani pale.

Kutoka Ponferrada reli huufuata mto Sil kuingia Galicia. Kule Montefurado tuliona mahali Warumi walipotoboa mlima ili mto upite ndani yake, wakapata kuchekecha dhahabu katika mkondo ulioachwa mkavu. Kisha bonde hufinyika, na mto unapokaribia kukutana na mto Miño huwa umezama katika korongo ambalo kuta zake mahali pengine hufikia mita 500. Nchi hii huitwa Ribeira Sacra, yenye hadhi yake ya kisheria tangu mwaka 1996, na Mencía hupandwa humo juu ya matuta yaliyojengwa kwa mawe bila saruji, tuta juu ya tuta, hata mtu akitazama kutoka ng'ambo huona ngazi zinazopanda hadi mawinguni. Mashine haina nafasi. Zabibu hubebwa mabegani, au kwenye vigari vipandavyo reli nyembamba, na mahali pengine hushushwa hadi mtoni zikachukuliwa kwa mashua.

Mama mmoja wa eneo la Amandi, mjane, alitupokea katika tuta lake la juu. Divai yake ilikuwa nyepesi kuliko ya Corullón, na rangi yake ilikaribia ya akiki. Kijana alitaja cheri chachu, majani ya bei, na moshi hafifu. Ilipita ulimini kwa ulaini wa ajabu, na iliponitoka nilibaki na ladha ya chumvi pembeni mwa ulimi. Nilimuuliza kijana amwulize mama nani atavuna baada yake. "Amesema, Mwalimu, wanawe wako Barcelona," akanijibu, "na huja Septemba kumsaidia, lakini kuja Septemba ni jambo moja, na kuzirudisha kuta za mawe zinazoanguka kila majira ya baridi ni jambo jingine." Akaongeza kwamba wengi wa majirani wameuachia msitu matuta yao.

Hapo ndipo nilipofahamu bei zile zilizonishtua katika maduka ya Madrid, ambako divai ya shamba moja dogo la Corullón niliikuta imeandikiwa tarakimu nilizozisoma mara mbili. Sifa imekuja, lakini mlima hauna kazi ya nusu siku, na kila chupa hudai mgongo wa mtu. Mama yule alinitajia bei ya divai yake, nami nikanunua chupa mbili bila kumwomba apunguze hata senti. Kwa mtu aliyekulia katika masoko yetu hilo ni jambo la kujilazimisha, lakini nilikwisha kuzipanda ngazi zake, na pumzi ilikuwa haijanirudia.